Riakta ndogo ya kalsiamu, chupa mbili au maji ya chokaa: tangi lako la matumbawe linahitaji kipi?

Ukishaweka matumbawe magumu kwenye tangi la nyumbani, yale ya jamii ya Acropora na Montipora, maji yako yanaanza kuliwa. Matumbawe yanachota kalsiamu na baikaboneti na kujengea mifupa yake. Usiporudisha kilicholiwa, yanaacha kukua, kisha yanapauka na nyama inabanduka. Maji ya bahari yana kalsiamu ya miligramu 410 hadi 420 kwa lita na KH (kipimo cha baikaboneti iliyomo majini) ya karibu 7. Vifaa vyote ninavyovipanga hapa vina kazi moja: kuviweka vipimo hivyo palepale, siku baada ya siku, bila kupanda na kushuka.

Kabla hujatoa hata shilingi, pima. Simamisha dozi yoyote unayotumia, pima KH, kisha pima tena saa ileile kesho yake. Tofauti ndiyo hesabu yako ya ununuzi, na muuzaji asiyekuuliza hesabu hiyo hajui anakuuzia nini. Nitatumia mfano wa tangi la lita 300 linalokula KH 2 kwa siku. Tangi hilo linageuza karibu gramu 11 za kaboneti ya kalsiamu kuwa mifupa kila siku, yaani karibu kilo 4 kwa mwaka. Ni ulaji mkubwa, na ndio unaonifanya nipange hivi.

1. Riakta ndogo ya kalsiamu

Ni bomba la akriliki lililojazwa kokoto za matumbawe makavu. Hewa ukaa inaingizwa ndani, maji yanakuwa na asidi kidogo, kokoto zinayeyuka polepole, na maji yanayotoka yamebeba kalsiamu na baikaboneti kwa uwiano uleule ambao matumbawe yanavitumia. Sifa hii ndiyo inayoipa nafasi ya kwanza. Unachorudisha ni kile kile kilichotoka, pamoja na strontiamu na madini mengine yaliyokuwa ndani ya kokoto, bila chumvi ya ziada kubaki kwenye tangi.

Usidanganywe na ukubwa. Chumba chenye kipenyo cha sentimita 10 na urefu wa 40 kinabeba karibu kilo 3 za kokoto, na kinalitosha tangi la mfano wetu. Utaongeza kokoto kila baada ya miezi michache. Maji yanayotoka yakiwa na KH 30 na tangi likiwa na KH 8, unahitaji lita 27 kwa siku, sawa na mililita 19 kwa dakika. Ni matone yanayofuatana kwa haraka, karibu kugeuka kijito chembamba.

Kwa hiyo pesa zako zisiishie kwenye bomba. Mabomba mengi yanafanana, iwe ni Korallin au Deltec za Ujerumani, au chapa zisizojulikana sana. Riakta inaharibika au inafanikiwa kwa vitu viwili vinavyouzwa kando.

Cha kwanza ni regyuleta ya gesi, kifaa kinachopunguza presha inayotoka kwenye mtungi. Chukua yenye hatua mbili. Ya hatua moja ni rahisi, lakini mtungi unapokaribia kuisha presha inayotoka inaweza kupanda ghafla, gesi ikamwagika kwenye riakta na pH ya tangi ikaporomoka usiku umelala. Iwe na vali ya solenoidi inayojifunga umeme ukikatika. Kwa nyumba zetu ambako umeme unakatika bila taarifa, hilo si la kujadili.

Cha pili ni pampu ya kuingizia maji. Watu wengi wanagawa maji kutoka kwenye pampu kubwa ya kurudishia maji kwenye tangi, wanabana kikoki kidogo, na kikoki kinaziba uchafu kila wiki. Nunua pampu inayokamua mpira kwa magurudumu, ile iliyotengenezwa kufanya kazi saa 24. Ile ya dozi ya kawaida imekusudiwa dakika chache kwa siku, na itakufa mapema.

Nunua mtungi kwanza, regyuleta baadaye. Nyuzi za koki ya mtungi, zinazoshika regyuleta, hazifanani: Marekani ni CGA 320, Uingereza BS 341 namba 8, Ujerumani W21.8. Anayeagiza regyuleta kutoka Marekani na kujaza gesi Mombasa, Dar es Salaam au Muscat anaweza kujikuta na vifaa viwili visivyoshikana. Nenda kwa wanaojaza gesi za mashine za soda, za kuchomelea au mitungi ya kuzimia moto, uulize wanajaza mtungi wa aina gani na kwa bei gani. Kama hakuna wa kukujazia karibu, hama uende namba mbili. Angalia pia umeme: pampu ya volti 110 haifai kwenye volti 240.

Ndani ya bomba shikilia pH kati ya 6.5 na 6.7. Ukishusha chini zaidi, kokoto zinageuka tope na maji hayapiti. Pima kwa kipimo kilichorekebishwa kwa maji ya pH 7 na pH 4. Mtungi usimame wima, ufungwe ukutani, na chumba kiwe na hewa ya kutosha.

Kasoro yake ya kweli ni kushusha pH ya tangi, hasa kwenye nyumba iliyofungwa kwa ajili ya kiyoyozi. Chumba cha pili cha kokoto baada ya cha kwanza kinapunguza gesi iliyobaki. Maji yanayotoka yaangukie karibu na skima, kifaa kinachotoa uchafu kwa mapovu.

2. Chupa mbili na pampu za dozi

Moja ina kloridi ya kalsiamu, nyingine baikaboneti ya sodiamu. Tangi letu lingehitaji karibu gramu 16 za ya kwanza na gramu 18 za ya pili kila siku, yaani zaidi ya kilo 12 kwa mwaka ukizijumlisha. Chumvi inajengeka, na lazima ubadilishe maji mara kwa mara. Lakini kwa tangi linalokula KH 1 au chini yake, hapa ndipo pa kuanzia, wala usiguse riakta. Ni rahisi kurekebisha na hakuna gesi. Usizichanganye chupa mbili mahali pamoja, utapata unga mweupe chini ya tangi.

3. Maji ya chokaa

Ni njia iliyoenezwa na mfugaji wa matumbawe Peter Wilkens, na bado naipenda kwa sababu inapandisha pH badala ya kuishusha. Lita moja iliyokolea inapandisha KH ya lita 300 kwa takriban 0.38. Ungehitaji zaidi ya lita 5 kwa siku, na huwezi kumimina zaidi ya maji yanayokauka kwenye tangi. Hivyo peke yake haitoshi, ila kama msaidizi wa riakta, ikitiwa usiku, ni nzuri kweli. Usitumie chokaa ya kujengea wala ya tambuu. Tafuta hidroksidi ya kalsiamu ya daraja la chakula. pH yake ni karibu 12.4, kwa hiyo vaa glavu.

4. Dawa ya chupa moja

Mfano ni All-For-Reef ya Tropic Marin, inayotumia fomati ya kalsiamu ambayo bakteria wanaigeuza. Inafaa tangi dogo. Kwa lita 300 zenye ulaji huu, gharama inapanda haraka.

5. Kubadilisha maji peke yake

Inatosha kama una matumbawe laini. Kwa Acropora, hapana.

Ukinunua riakta iliyotumika, kiangalie kila kiungo cha akriliki juani ukitafuta nyufa nyembamba nyeupe kwenye gundi, ukague oringi (mipira ya duara inayozuia maji kuvuja), na uwashe pampu ya kuzungushia maji ikiwa imejaa. Ijaze maji uiache usiku kucha juu ya gazeti kavu kabla hujalipa. Na uhakikishe spea za pampu hiyo bado zinauzwa, kwa sababu bomba linadumu miaka mingi kuliko pampu yake.