Chujio la maji la bayocha yenye chuma kutoka Nzega: linachofanya na lisichofanya

Chujio ninalolitathmini hapa linatengenezwa na karakana ndogo mjini Nzega, mkoani Tabora, nalo ni ndoo mbili za lita 20 zilizopandanishwa: ya juu ina kokoto, mchanga na tabaka nene la bayocha, yaani mkaa wa mabaki ya mimea, na ya chini ina koki ya kuchotea. Bayocha hiyo hutokana na pumba za mpunga, ambazo Nzega na Igunga hazikosekani, zilizochomwa ndani ya pipa lenye hewa kidogo, kisha zikalowekwa katika maji yenye kloridi ya chuma na kuchomwa upya.

Thamani ya chujio imo katika kulowekwa huko. Uso wa mkaa wa pumba wa kawaida kwa kiasi kikubwa una chaji hasi, hivyo huzivuta metali zenye chaji chanya kama risasi na kadimiamu; lakini aseniki, ambayo katika maji yenye hewa ya kutosha huwa na chaji hasi, husukumwa mbali, na chuma kilichoganda juu ya mkaa ndicho kinachoikamata. Kwa kaya zinazochota visimani karibu na makarasha (mashine za kusaga mawe ya dhahabu) na mialo (sehemu za kuoshea mchanga wake) ya wachimbaji wadogo, ambako mvua huweza kuosha marundo ya marudio, yaani mabaki ya mchanga uliokwisha kuoshwa, na kuyapeleka kwenye maji, jambo hilo ndilo la kuangalia kabla ya bei. Kuchemsha hakuziondoi metali hizi. Maji yanapopungua kwa mvuke, zenyewe hubaki sufuriani.

Maji hushuka polepole, na wapo watakaochoshwa, ila metali huhitaji muda wa kugusana na mkaa, kwa hiyo sioni kasoro hapo. Ndoo za mwanzo hutoka na vumbi jeusi na ladha ya majivu, nazo zinafaa kumwagwa. Uunganishaji wa koki ni mzuri kuliko nilivyotarajia kwa bidhaa ya mtaani.

Ninachokipinga ni karatasi ya maelezo inayodai kwamba chujio huondoa “sumu zote”. Zebaki, ambayo kwa watu wa machimboni ndiyo hofu kubwa, hushikwa vizuri zaidi na bayocha iliyotiwa salfa, na hii haina. Vijidudu navyo havizuiliki kwa uhakika, kwa hiyo maji yaliyochujwa bado yachemshwe.

Kibaya zaidi, karatasi haisemi mkaa ubadilishwe lini. Nafasi za kushikilia metali hujaa, na zikishajaa, maji hupita na sumu yake bila kubadilika rangi wala ladha. Kiwango elekezi cha Shirika la Afya Duniani kwa risasi, na vilevile kwa aseniki, ni mikrogramu 10 kwa lita, yaani gramu 1 ndani ya lita 100,000, kiasi ambacho ulimi hauwezi kukitambua. Mnunuzi hana budi kupima maji maabara kabla ya kununua, ili ajue kama ana tatizo ambalo chujio hili linalitibu, na kuyapima tena baada ya muda wa matumizi.

Kuhusu mkaa uliokwisha kazi, muuzaji alinishauri niumwage kwenye bustani ya mchicha, kwa kuwa bayocha hurutubisha udongo. Bayocha safi, ndiyo. Hii imebeba risasi na aseniki, na mpaka karakana ikubali kuipokea na kueleza inaihifadhi wapi, ningesita kuwapendekezea majirani chujio hili, licha ya ubora wa mkaa wenyewe.