Tiketi za treni Italia: ipi ukate kwanza, ipi uachane nayo

Kwa mtu anayetaka kuzunguka miji ya kale ya Italia, treni haina mpinzani. Santa Maria Novella, stesheni kuu ya Firenze, ni mwendo wa dakika kumi na kitu kwa miguu hadi kanisa kuu. Venezia ndiyo usiseme: ukitoka tu mlangoni mwa stesheni, mfereji na boti viko mbele yako. Gari la kukodi huko ni kujitafutia matatizo, kwa sababu katikati ya miji mingi kuna maeneo yaliyozuiliwa magari yasiyo na kibali, yanayoitwa ZTL, kamera zinapiga picha namba ya gari, na faini inakufuata hadi nyumbani wiki kadhaa baadaye.

Kwa hiyo kinachobaki ni kuchagua tiketi, na hapo ndipo watu wanapopigwa. Aliyezoea SGR ya Dar–Dodoma au Mombasa–Nairobi hudhani nauli ya treni haibadilikibadiliki. Italia treni za mwendokasi zinauzwa kama ndege: anayewahi anapata nafuu, anayechelewa analipa mara mbili kwa kiti cha behewa hilohilo. Ahueni yake ni kwamba hakuna kukaguliwa mizigo na kusubiri saa nzima. Ukifika dakika 20 kabla, inatosha.

Mimi nazipanga hivi.

1. Regionale

Hizi ni treni za kawaida za mikoani, na kwa miji ya kale hakuna pesa inayotumika vizuri kuliko hapa. Nauli inahesabiwa kwa umbali na haipandi, kwa hiyo huna haja ya kukata mapema. Firenze–Pisa ni karibu euro 10, mwendo wa saa moja hivi. Lucca nayo iko upande huohuo, na stesheni yake iko nje kidogo ya ukuta wa mji, ukuta ambao watu wanatembea na kuendesha baiskeli juu yake, kilomita 4 kuuzunguka wote. Kutoka Roma unakwenda Orvieto kwa saa moja na robo hivi. Mji uko juu ya mwamba, na mbele ya stesheni kuna kitreni cha kamba cha kukupandisha. Kutoka Bologna, Ferrara ni nusu saa. Ravenna ni zaidi kidogo ya saa moja, na mozaiki za San Vitale, kanisa lililowekwa wakfu mwaka 547, zinatosha kukutoa kitandani asubuhi.

Siena ndiyo naitoa kwenye hesabu. Stesheni yake iko bondeni, unapanda ngazi za umeme moja baada ya nyingine ndipo uukute mji. Kutoka Firenze bora basi, linakushusha karibu na katikati.

Sasa angalizo. Tiketi ya karatasi ya Regionale lazima uigonge kabla ya kupanda. Ukutani au kwenye nguzo karibu na reli kuna kimashine kidogo. Unaingiza ncha ya tiketi, kinanguruma, kinachapa tarehe na saa. Tazama kama wino umetoka kweli, maana vingine vimechoka. Kama umenunua kwa simu, unafanya check-in kwenye simu yenyewe. Usipofanya, kondakta anakuhesabu kama huna tiketi, na kumwambia wewe ni mgeni hakusaidii kitu, kila siku anaambiwa hivyo.

2. Frecciarossa au Italo, ukiwahi

Kwa masafa marefu usijitese na Regionale: Roma–Firenze kwa hiyo ni zaidi ya saa tatu na nusu, wakati mwendokasi inatumia saa moja na nusu. Firenze–Venezia ni saa mbili na kidogo, Roma–Napoli ni saa moja na dakika chache. Frecciarossa ni ya Trenitalia, shirika la serikali. Italo ni ya kampuni binafsi iliyoanza safari mwaka 2012. Usiwe na ushabiki, zote zinafika kilomita 300 kwa saa, na kwenye daraja la chini viti havina tofauti ya kukukosesha usingizi. Fungua programu zote mbili, kata iliyo rahisi.

Roma–Firenze ukiwahi mwezi mmoja au miwili kabla unaweza kuipata kwa euro 20 hadi 30. Siku yenyewe inaweza kupita 50. Lakini tiketi ya bei ya chini kabisa ndiyo yenye masharti magumu: treni ikikuacha, imeondoka na hela yako. Kwa hiyo msafiri wa Dar, Nairobi au Kampala anayesubiri viza ya Schengen asiiguse mpaka aione viza kwenye pasipoti.

3. Base

Hii ndiyo nauli kamili ya Trenitalia, na unaweza kubadilisha safari bure kabla treni haijaondoka. Kwa mtu mmoja ni ghali. Kwa familia, hesabu inageuka: angalia kama kuna ofa ya watoto kusafiri bure na mtu mzima aliyelipa Base. Baba, mama na watoto wawili wanaweza kutoka nafuu kuliko kukata tiketi nne za bei ya chini.

4. Intercity

Ya katikati kwa kila kitu, kwa bei na kwa mwendo. Ikate kama saa zake zimekukalia vizuri.

5. Pasi

Pasi ni tiketi moja ya kupandia treni nyingi. Eurail ni ya wanaoishi nje ya Ulaya, Interrail ni ya wakazi wa Ulaya, wakiwemo ndugu zetu walioko Sweden au Ujerumani. Kwa nchi kadhaa ni sawa. Kwa Italia pekee, sioni faida: kila ukipanda Frecciarossa unalipia tena kiti juu ya pasi, na Regionale ni rahisi kiasi kwamba pasi haiokoi chochote.

Ukiwa stesheni, ubao wa Partenze, yaani wa treni zinazoondoka, unaonyesha mwisho wa safari ya treni, ambao si lazima uwe mji wako. Unakwenda Firenze kutoka Roma, ubao unakuambia Milano, Torino au Venezia. Shika namba ya treni iliyo kwenye tiketi, kisha tafuta Binario, namba ya reli, ambayo mara nyingi inatokea dakika za mwisho. Anayejitokeza kukusaidia kwenye mashine ya tiketi pale Roma Termini, mshukuru na ushike pochi.

Soma pia jina la stesheni lote. Venezia Mestre iko bara, ya kisiwani ni Venezia Santa Lucia. Napoli Afragola iko nje ya mji kabisa, unayoitaka ni Napoli Centrale. Na Pompeii, ile ya magofu, ni kwa Circumvesuviana, treni ya kampuni nyingine inayoondokea chini ya Napoli Centrale. Ni ya joto na msongamano, begi kubwa liache hotelini.

La mwisho ni migomo, ambayo Italia hutangazwa kabla. Ukiona neno sciopero, jua kwamba siku za kazi kuna treni za mikoani zinazolindwa kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi, kisha saa 12 jioni hadi saa 3 usiku. Panga kusafiri humo, au ongeza usiku mmoja ulipo.