Presha kuka ya umeme ya lita sita: nimeipikia Krismasi ya watu kumi na wanne

Mwaka huu hatukwenda Moshi. Mama anauguza goti na safari ya basi asingeiweza, kwa hiyo Krismasi ikaletwa kwangu Tabata: watu kumi na wanne, na jiko langu la gesi lina plate mbili tu. Tangu utotoni nimeona mama na mashangazi wakikosa Misa ya Krismasi kwa ajili ya nyama iliyo motoni. Safari hii sikutaka mtu abaki jikoni. Ndipo nikashuka Kariakoo kununua presha kuka ya umeme, lita sita, wati 1,000.

Nilipanga ndizi nyama, wali, kachumbari na tikitimaji, basi. Chapati alikuja nazo wifi.

Wiki mbili kabla niliijaribu. Nyama na ndizi mshale nikaziweka pamoja dakika thelathini. Nyama ilikuwa safi, lakini ndizi zilivurugika zote, tukala mtori. Kwa hiyo siku yenyewe niliitumia kwa nyama peke yake: kilo mbili na nusu zenye mifupa, vitunguu, tangawizi, chumvi na maji kidogo, maana mvuke hautoki na supu haipungui. Nilibonyeza saa kumi na moja alfajiri, dakika thelathini na tano. Kabla hatujamaliza kuoga ilikuwa imeshaiva na imejihamisha yenyewe kwenye kutunza joto. Misa tulikwenda wote, na mama akiwemo.

Tuliporudi, nyama ilikuwa inaachia mfupa. Supu yake nikaimimina kwenye sufuria kubwa, nikaongeza nyanya na ndizi, gesi ikamalizia. Plate ya pili ikapika wali. Kazi ya jikoni haikuzidi saa moja.

Kwenye LUKU, nyama ile haikula hata uniti moja. Niliangalia kabla na baada.

Kuna mambo ya kujua. Lita sita si lita sita za chakula: ndani kuna mstari wa mwisho, na vyakula vinavyoumuka kama maharage viishie nusu. Mpira wa mfuniko unashika harufu. Uvue, uuoshe, uanike, la sivyo wali wa kesho utanukia supu. Mfuniko usiulazimishe, subiri kile kipini cha juu kishuke chenyewe. Na umeme ukikatika katikati, hesabu ya dakika inaanza upya. Maelezo ya vitufe yangu yalikuja kwa Kichina na picha ndogondogo. Nikaishia kutumia kitufe cha nyama na cha maharage tu, na vinanitosha.

Kwa familia ya watu watano au sita, nunua bila wasiwasi. Kwa wageni wengi, isaidie na sufuria kama nilivyofanya. Mama ameomba yake kabla ya Pasaka, na yeye nitamchukulia ya lita nane.