Uzoefu wangu wa mbio za baiskeli za uwanjani: mtu wa Dodoma ndani ya Lee Valley, London

Wenzangu tunaotoka pamoja Jumamosi alfajiri kuelekea Chamwino wamekuwa wakiniuliza kama mbio za uwanjani zina faida yoyote kwa mtu aliyezoea barabara ndefu. Nilikuwa London kimasomo, nikajiunga na mafunzo ya uwanja wa Lee Valley, ule uliojengwa kwa ajili ya Olimpiki ya 2012, na baadaye nikashindana katika ngazi ya chini kabisa, ile ya watu wanaotoka kazini ndipo waje kukimbia. Jibu langu ni kwamba faida ipo, tena kubwa, na anayepata safari ya kule asirudi bila kuijaribu.

Kwanza baiskeli yenyewe. Haina breki wala gia za kubadilisha. Haina friwili pia, kwa hiyo gurudumu la nyuma likizunguka na pedeli zinazunguka, utake usitake. Sisi tukiteremka kuelekea Mtera tunaacha kunyonga, miguu inapumzika, mtu anakunywa maji na kupiga soga. Uwanjani hakuna kitu hicho. Ukisimamisha miguu ghafla baiskeli inataka kukurusha. Kupunguza mwendo ni kuzikazia pedeli kidogo kidogo, au kupanda juu ya mwinamo wa njia, kwani kingo zake zimeinuka, ili mlima ukupunguzie kasi, kisha ukishuka unairudisha bila kutumia nguvu nyingi. Kwa meno 48 mbele na 15 nyuma, mwendo wa kilomita 40 kwa saa unakudai karibu mizunguko 100 ya pedeli kila dakika, na huna gia nyingine ya kukimbilia. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini waendeshaji wa uwanjani wananyonga kwa ulaini ule. Hawana namna nyingine.

Njia imetengenezwa kwa mbao za msonobari wa Siberia, mita 250 kwa mzunguko. Sehemu zilizonyooka zimeinama nyuzi 12, kona nyuzi 42. Picha hazikuandai kwa hilo. Ukisimama chini ya kona unaona ukuta, na mwalimu anakwambia uupande. Kinachokushikilia pale juu ni mwendo, kama kilomita 30 kwa saa hivi, na mwili wote unakushawishi upunguze wakati kupunguza ndiko kunakoteremsha tairi. Kwangu hili lilikuwa somo zito kuliko yote: kuzuia woga usifike miguuni. Likishakaa, raha yake siwezi kuilinganisha na kitu chochote nilichowahi kufanya juu ya baiskeli.

Huruhusiwi kushindana siku unayofika. Kuna hatua nne za mafunzo, na mwalimu ndiye anayeamua kama umeiva katika hatua moja uende nyingine. Unajifunza kuanza na kusimama, kupanda na kushuka mwinamo, kukaa nyuma ya gurudumu la mwenzako kwa ukaribu, hadi ukimbie ndani ya kundi. Wapo wanaolalamika kwamba safari ni ndefu. Mimi naiunga mkono kabisa, kwa sababu ukiwa kwenye kundi la watu wasio na breki, usalama wako umo mikononi mwa aliye mbele yako.

Mistari ya sakafuni ina sheria zake. Mweusi uko sentimita 20 kutoka ukingo wa ndani, na hapo ndipo urefu wa njia unapopimwa. Mwekundu uko juu yake: katika mkupuo wa mwisho, yaani kasi ya kumalizia, anayeongoza akiwa chini ya mwekundu haruhusiwi kupanda kumzuia mwenzake. Wa bluu uko juu zaidi. Kupita ni upande wa kulia, baada ya kutazama juu ya bega. Narudia kwa ajili ya kundi letu: baada ya kutazama juu ya bega! Barabara ya Dodoma kwenda Morogoro ina malori na mabasi usiku na mchana, na bado mtu anakwepa shimo kwa kuhama njia nzima bila hata kunyoosha mkono.

Mbio zenyewe ziko za aina nyingi. Zile za kukimbia tu, wa kwanza kuvuka mstari ndiye mshindi, sitazisemea sana. Za pointi zinahitaji hesabu: kila mizunguko 10 kuna mkupuo, wanne wa kwanza wanapata 5, 3, 2 na 1, na anayelipita kundi kwa mzunguko mzima anaongezewa 20. Zilizoniteka ni za mtoano. Kila mizunguko miwili anayevuka wa mwisho anatolewa, na kinachoangaliwa ni gurudumu la nyuma. Nimeona watu wenye mapafu makubwa wakitolewa mapema wakiwa na nguvu zao zote, kwa sababu walifungiwa chini kwenye mstari mweusi, mbele ukuta wa migongo, kulia ukuta wa magoti, hawana pa kutokea. Anayebaki ni yule anayejua kukaa juu kidogo, nafasi ya nne au ya tano, akiusoma mchezo mizunguko miwili kabla. Jioni niliyobaki kati ya watatu wa mwisho nilitetemeka miguu hadi kwenye treni, kwa furaha tupu.

Lakini mapendekezo yangu kwa Dodoma hayahusu mbao, ni uwanja wa wazi. Kusini mwa London kuna uwanja mwingine, Herne Hill, ulioanza 1891 na kutumika katika Olimpiki ya 1948. Uko wazi, hauna paa, njia yake ina mita karibu 450 na mwinamo wake ni wa upole. Mtoto anaweza kuanzia pale bila hofu. Bradley Wiggins, aliyeshinda Tour de France mwaka 2012, alianzia pale. Tatizo lake ni mvua: mbao au zege, njia ikilowa mbio hazifai.

Sasa tazameni mji wetu. Mvua zetu ni za Desemba hadi Aprili, miezi iliyobaki ni ukavu. Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na hewa nyepesi ni rafiki wa mwendo. Eddy Merckx, bingwa wa baiskeli kutoka Ubelgiji, alikwenda Mexico City mwaka 1972 kuifuata hewa hiyo, akapiga kilomita 49.431 kwa saa moja. Upepo wetu wa Julai na Agosti utasumbua, sikatai, ila hata huo unazuilika kwa tuta la udongo na miti. Tanzania haina uwanja wa namna hii hata mmoja, wakati vijana wa Shinyanga na Simiyu wanaendesha baiskeli kilomita nyingi kwenye jua kali, na miguu yao London ingeitamani. Nguvu wanazo. Wanachokosa ni mahali pa kujifunza kukaa kwenye kundi.

Kwa anayekwenda: weka nafasi mapema, baiskeli na viatu unakodi palepale, na anzia hatua ya kwanza hata kama umeendesha miaka mingi. Usinunue baiskeli ya uwanjani ukadhani utaitumia barabarani hapa bila kuifunga breki. Kwa waliopo, nina rola, mitambo ya kunyongea baiskeli ukiwa umesimama mahali pamoja, kwenye baraza yangu Ilazo. Njooni na baiskeli zenu, tunyonge nusu saa bila kusimamisha miguu, na Jumamosi tuzungushane kwa zamu kwenye lami ya barabara ya mzunguko wa nje, aliye mbele akitoka kwa kutazama bega kwanza.