TAHADHARI: "3L kamili" inayouzwa mtandaoni kwa wenye Hilux za zamani

Ndugu zetu wenye Hilux za miaka ya 1970 na 1980 zilizokuja na injini ya petroli, mnaotaka kuzitia injini ya dizeli ili ziende Kidepo, Kaabong au milima ya Kisoro hapa Uganda bila kumaliza mshahara kwenye mafuta: msitume hata shilingi ya injini kabla ya kusoma haya.

Matangazo yenyewe yanafanana. Injini ya Toyota 3L, "imetoka Japani juzi", "kamili na giaboksi", "inaingia moja kwa moja kwenye Hilux yoyote". Picha nne au tano zinazong'aa. Bei iko chini kuliko utakayoisikia kwa wauza vipuri wa Kisekka au Ndeeba, Kampala, na mwisho sharti: tuma nusu kwa mobile money sasa hivi, kuna mteja mwingine yuko njiani.

Baadhi ya wauzaji hao hawana injini kabisa. Watasema mzigo uko Mombasa au umekwama mpakani Malaba. Ukishatuma ya kwanza, inakuja pesa ya forodha, kisha pesa ya lori, kisha simu inazimwa. Huyu ni rahisi kumnasa. Mwombe apige picha mpya ya namba ya injini, kando yake karatasi iliyoandikwa tarehe ya leo na jina lako. Mwombe akupigie kwa video akiwa amesimama mbele ya injini. Angalia jina linalotokea kwenye simu kabla hujathibitisha kutuma; likiwa si la muuzaji, acha. Mwenye mali ataudhika kidogo, lakini atafanya. Bafere, yaani matapeli, hutoa sababu.

Anayeumiza watu zaidi ni yule ambaye injini anayo, unaishika, inawaka mbele yako, na bado si ulichonunua.

Anzeni na jina lenyewe. Injini za dizeli za Toyota za familia ya L zinafanana sana kwa nje. 2L ina ujazo wa cc 2,446, kipenyo cha silinda milimita 92. 3L ina cc 2,779, kipenyo milimita 96. 5L ina cc 2,986, kipenyo milimita 99.5. Anayetaka kukuuzia 2L kwa bei ya 3L hahitaji kazi kubwa: anabadilisha kifuniko cha juu, anapaka rangi, anabandika kibandiko. Kwa hiyo kifuniko kisikushughulishe, soma bloku. Jina la injini na namba yake viko kwenye chuma cha bloku chenyewe. Beba brashi ya waya na kitambaa chenye dizeli, safisha mpaka usome kila herufi. Pakiwa pamesagwa kwa grainda, pamejazwa weldi, au pana rangi nzito kuliko sehemu nyingine zote, ondoka hapo hapo. Namba iliyofutwa ina maana ya pili pia: injini inaweza kuwa ya wizi, na wewe ndiye utakayekutwa nayo. Logibuku ya gari ina namba ya injini, na ukibadilisha injini lazima usajili nao ubadilishwe. Injini isiyo na namba huwezi kuisajili kwa njia halali.

Kuna madalali wanaokuonyesha "kipimo" kwa kuchomeka waya kwenye tundu la hita plagi (plagi inayopasha chemba joto wakati wa kuwasha) na kusoma urefu. Hicho si kipimo. Injini hizi hazimwagi dizeli moja kwa moja juu ya pistoni. Kuna chemba ndogo ndani ya silinda hedi, na waya unaishia humo. Pistoni haiguswi. Ukubwa wa kweli unapimwa hedi ikiwa imefunguliwa, kwa venia (kipimo cha milimita), 92 au 96. Muuzaji anayesema injini imefanyiwa overhoo na bado hana picha ya ndani wala risiti ya pistoni na ringi, kauli yake haina thamani. Na tofauti hii si ya karatasi tu. 3L yenyewe ina nguvu za farasi kama 90 hivi, haina tabo (turbo). Ukipewa 2L, gari lenye mzigo na mapipa ya maji litakuonyesha upungufu kwenye mlima wa kwanza. Hapo ndipo fundi anaambiwa aongeze mafuta kwenye pampu, injini inatoa moshi mweusi, inapata joto, na hedi inapasuka.

Sasa jaribio la kuwasha. Ujanja ni ule ule kila mahali. Unafika, injini imekwishawashwa mapema ili iwe na joto. Injini yenye kompresheni mbovu huwaka vizuri ikiwa moto, na asubuhi ya baridi Kabale, karibu mita 2,000 juu ya bahari, haiwaki kabisa. Gusa bloku ukifika. Ikiwa ya moto, kaa usubiri ipoe au rudi kesho bila kutoa taarifa. Mtego mwingine ni kuiwasha bila redieta wala maji, dakika mbili tatu, halafu kuzima. Wanasema ni haraka tu, lakini bila maji huwezi kuona hedi iliyopasuka. Sisitiza iunganishwe redieta au hata ndoo na mipira miwili, ijazwe maji, iwake kuanzia baridi. Mpira wa juu ukiwa mgumu kama jiwe kabla maji hayajapata joto, au mapovu yakiendelea kupanda kwenye maji bila kukoma, gesi ya silinda inaingia kwenye njia ya maji. Ni gasketi au ufa. Kwa 2L-T na 2L-TE, yaani 2L zenye tabo, ufa wa hedi ni ugonjwa unaojulikana, na 1KZ-TE, dizeli nyingine ya Toyota yenye tabo, nayo haiko mbali.

Oili nzito ni mtego wa tatu. Ukiona oili inayovutika kama asali kwenye kijiti, wametia ya giaboksi ili kuficha beringi za kranki zinazogonga na presha iliyoshuka. Lipia lita sita za oili ya kawaida ya dizeli, imwagwe ile, itiwe hii, kisha isikilizwe. Funga geji ya mkono mahali pa swichi ya oili: injini ikiwa ya moto kwenye mizunguko 3,000 isipungue kilo 2.5 kwa sentimita ya mraba. Fungua kifuniko cha oili ikiwa inanguruma. Pumzi kidogo ni kawaida, lakini moshi unaotoka kwa msukumo, pu-pu-pu, ni ringi zilizokwisha.

Halafu kompresheni. Hiki ndicho kipimo ambacho wauzaji wabaya hukikwepa kuliko vyote, na ndicho kisichokwepeka. Tumia geji ya dizeli. Ya petroli haifai, inaharibika. Toa hita plagi zote nne, kata waya wa selenoidi ya mafuta (swichi ya umeme inayofungua mafuta) kwenye pampu ili isimwage dizeli, hakikisha betri ina nguvu, kisha zungusha kwa stata, silinda moja baada ya nyingine. Kwa 2L na 3L, kila silinda ya injini isiyo na kasoro inatoa kama kilo 32 kwa sentimita ya mraba, yaani psi 455. Chini ya kilo 20, psi 284, imekwisha. Na silinda mbili zisipishane zaidi ya kilo 5. Injini yenye 27, 26, 27, 26 ni bora kuliko yenye 32, 31, 32, 22. Hiyo ya pili ina silinda moja mbovu na itakuingiza gharama ndani ya miezi michache. Muuzaji akisema "hatuna geji", njoo na fundi wako mwenye nayo. Akisema "haturuhusu kutoa plagi", umeshapata jibu.

Neno "kamili" nalo limewatia wengi hasara. Kutoka petroli ya familia ya R kwenda dizeli ya L, belhauzingi (kasha linalounganisha injini na giaboksi) ya petroli haikubali bloku ya dizeli. Kwa hiyo belhauzingi, flaiwili, sahani za klachi na stata vije pamoja na injini, vikiwa vimefungwa, na uvione vimefungwa. Injini nyingi mjini zinatoka kwenye Hiace, na hapo sampu (bakuli la oili chini ya injini) ndiyo inayosumbua: ya Hiace ina umbo lake, na kwenye Hilux ya 4x4 inaweza kugonga eksel ya mbele au chesisi. Ukibadilisha sampu lazima ubadilishe na bomba lake la kunyonya oili. Fundi anayebadilisha moja na kuacha jingine anaua injini kwa kukosa oili kwenye mteremko.

Kitu kinachoibwa sana kwenye hizo "kamili", na tunaomba mkizingatie kwa sababu kinaua watu, ni pampu ya vakyumu. Injini ya petroli hutoa vakyumu ya breki (mvuto wa hewa unaolisaidia busta, kifaa cha kupunguza uzito wa kukanyaga) kwenye manifoldi. Dizeli haina hiyo. Kwenye familia ya L pampu ya vakyumu imekaa nyuma ya alteneta, na inapata oili kwa mpira wake mdogo. Wanakupa alteneta ya kawaida, gari linawaka, linatembea, na unagundua busta haifanyi kazi ukiwa unashuka Kapchorwa na mzigo. Zungusha alteneta uangalie nyuma. Hakuna pampu, hakuna biashara.

Umeme pia. Kuna injini za Land Cruiser za zamani, kama 3B na 2H, zilizokuja kwa volti 12 na nyingine kwa volti 24, na muuzaji hakwambii. Stata, alteneta, selenoidi na hita plagi vyote vinafuata volti. Hata ndani ya 12, hita plagi za mifumo tofauti hazilingani. Za volti ndogo ukizipa 12 moja kwa moja zinaungua, na ncha ikikatika inaangukia ndani ya chemba.

Kwa safari za mbali tunashauri kwa nguvu: pampu ya kimekanika tu. Hiyo inahitaji waya mmoja wa volti 12 kwenye selenoidi na hakuna kompyuta. Wanaouza 2L-TE au 1KZ-TE kwa bei ya kutupa mara nyingi hawana kompyuta yake, waya zake wala sensa zake. Bila hivyo ni chuma. Na hata ukivipata, vikifa kati ya Kotido na Kaabong hakuna wa kuvitengeneza huko.

Ukiridhika na injini, bado kuna usiku mmoja wa hatari: ule kati ya kulipa na kupakia. Injini uliyopima inabaki dukani, asubuhi unakuta pampu nyingine, nozeli nyingine, au injini nzima nyingine yenye rangi ile ile. Kwa hiyo lipa siku ya kupakia. Piga picha namba ya injini, kibati cha pampu, stata na alteneta. Weka alama yako kwa ncha ya msumari mahali pasipoonekana, kwenye pampu na kwenye bloku. Kaa hapo mpaka lori liondoke.

Makubaliano yaandikwe: jina la injini, namba yake, orodha ya kila kifaa, vipimo vya kompresheni vya silinda zote nne, muda wa dhamana, nakala ya kitambulisho cha taifa cha muuzaji, na shahidi, mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) wa mahali pale anatosha. Omba pia karatasi za kuingizia mzigo nchini. Bei baada ya hapo iongezewe kichwani mwako vitu ambavyo hakuna anayekuuzia humo: taimingi belti na pule yake, maana injini hizi zinapiga valvu belti ikikatika na hujui hiyo ina umri gani; redieta pana; chujio la dizeli lenye kutenga maji; bomba la kurudisha mafuta kwenye tangi, ambalo tangi lililokuwa la petroli huenda halina; na springi za mbele, kwa kuwa dizeli ni nzito.

Aliyekwisha kutuma pesa apige huduma kwa wateja ya mtandao wake dakika hiyo hiyo, kabla hazijatolewa, kisha aende polisi apate namba ya SD (ya kitabu cha matukio cha kituo). Asifute ujumbe wala sauti. Kwa aliyeuziwa 2L kwa jina la 3L, sheria ya Uganda ya mauzo ya bidhaa na utoaji wa huduma ya 2017 inataka bidhaa ilingane na ilivyoelezwa, na dai lisilozidi shilingi 10,000,000 linasikilizwa kwa utaratibu wa madai madogo, bila kuhitaji wakili. Lakini injini isifunguliwe kabla haijaonekana na fundi asiye wa upande wowote, mbele ya mashahidi na kwa picha, kwa sababu ukishaifungua peke yako muuzaji atasema wewe ndiye uliyeiharibu.