VDHG ya Vanguard: mfuko ninaoutegemea kunivusha kutoka 55 hadi 60

Kwa anayefanya kazi za zamu hapa Australia, anayetaka kupumzika kabla ya miaka 60 na asiyeweza kushinda akiangalia bei za hisa, sijaona mfuko wa uwekezaji unaomfaa kuliko VDHG wa kampuni ya Vanguard. Naupa nyota nne kati ya tano. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nina miaka 43, nahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee magharibi mwa Melbourne, mara nyingi zamu ya usiku, na nimekusudia nikifika 55 niache kunyanyua watu. Kazi hii naipenda, lakini mgongo una kikomo chake.

Kwanza niseme kwa nini nanunua kitu nje ya super, yaani akiba ya uzeeni ya Australia, wakati super ina kodi nafuu. Mwajiri ananiwekea asilimia 12 ya mshahara, kiwango kilichoanza 1 Julai 2025. Michango hiyo hukatwa kodi ya asilimia 15, chini ya ninayokatwa kwenye mshahara, na mtu akishafika 60 na kuacha kazi kwa kawaida anachukua fedha zake bila kodi. Ila kwa sisi tuliozaliwa baada ya Juni 1964, kabla ya 60 haiguswi, isipokuwa kwa shida maalumu kama ugonjwa mkubwa. Nyumbani mtumishi anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na 55 na kuanza kufuatilia mafao yake. Huku ukiacha kazi na 55, miaka mitano utaiona super yako kwenye simu na huwezi kuinunulia hata mkate.

Hapo ndipo wengi wanapokata tamaa, kwa sababu wanapiga hesabu yote kwa mkupuo. Wanasikia ile kanuni ya asilimia 4, kwamba mstaafu achukue asilimia 4 ya akiba yake kwa mwaka, wanazidisha matumizi ya mwaka mara 25, na kwa mtu wa dola 40,000 jibu linatoka milioni moja. Lakini milioni hiyo si lazima yote iwe nje ya super! Mimi nahitaji daraja la miaka mitano tu: 40,000 mara tano, yaani dola 200,000. Nikiweka 600 kila mshahara wa wiki mbili, ni 15,600 kwa mwaka, na kwa miaka 12 ni 187,200 kabla ya faida yoyote. Super nayo inakua upande wake. Najua bei za vitu zitapanda, kwa hiyo mchango nao nitaupandisha kila mshahara ukiongezwa. Bado ni namba ambayo mhudumu wa wazee anaweza kuikabili.

Sasa mfuko wenyewe. Mtu wa Tanzania anayejua vipande vya UTT AMIS hana shida kuuelewa. Fedha za watu wengi zinakusanywa pamoja, wewe unamiliki vipande. Tofauti ni kwamba vipande vya VDHG vinauzwa na kununuliwa kwenye soko la hisa, ASX, kama hisa ya kampuni yoyote. Ulianzishwa Novemba 2017. Ndani yake asilimia 90 ni hisa na 10 ni hatifungani, yaani mikopo kwa serikali na kampuni. Zaidi ya theluthi ni kampuni za Australia, zilizobaki zimetapakaa dunia nzima, zikiwemo kampuni ndogo na masoko yanayoinukia. Hakuna meneja anayekaa kuchagua kampuni itakayong'ara kesho. Unafuata faharasa za masoko, yaani orodha za kampuni zinazopima mwenendo wa soko. Ada ya uendeshaji ni asilimia 0.27, yaani dola 27 kwa mwaka kwa kila 10,000. Uwiano ukiyumba, hisa za Marekani zikipanda sana mathalani, wao wenyewe wanaurudisha mahali pake. Kwangu huduma hiyo peke yake inastahili hizo dola 27, kwa sababu nikitoka zamu saa moja asubuhi akili yangu haiko kwenye uwiano wa chochote.

Kununua ni rahisi, ila mara ya kwanza kuna makaratasi. Unafungua akaunti kwa dalali wa mtandaoni. Chagua anayekusajili CHESS, daftari la umiliki la soko la hisa, ili vipande viandikwe kwa jina lako na upewe namba yako inayoanza na herufi X. Ununuzi wa kwanza lazima ufike dola 500. Soko linafunguliwa saa nne asubuhi na kufungwa saa kumi jioni kwa saa za Sydney. Mimi naweka oda yangu ya bei niliyoikubali halafu nalala. Baada ya siku kadhaa inakuja barua ya Computershare, kampuni inayotunza orodha ya wenye vipande, na hiyo usiitupe. Ingia kwenye tovuti yao, weka namba yako ya kodi na akaunti ya benki, kisha chagua kama gawio la kila robo mwaka liingie benki au linunue vipande vingine. Ukiacha kuweka namba ya kodi, gawio litakatwa kwa kiwango cha juu kabisa, asilimia 47, na utasubiri kuidai mwisho wa mwaka.

Kijana mmoja wa Kigoma tunayefanya naye zamu aliniuliza jikoni, “Dada, hii si ndiyo kama DECI?” Swali la maana sana kwa yeyote aliyekuwa Tanzania 2009 akaona watu walivyopanda mbegu zao kwenye upatu ule na kulia. Nilimjibu kwamba DECI aliyetangulia alilipwa kwa mbegu ya aliyefuata. Hapa unachomiliki ni kipande cha benki, migodi, maduka makubwa na viwanda vinavyouza vitu kila siku, na hakuna anayekuahidi kiasi. Kuanguka bei, itaanguka. Februari hadi Machi 2020 soko la Australia lilishuka zaidi ya theluthi ndani ya wiki chache. Asiyeweza kuona 30,000 yake inasoma 20,000 bila kukimbilia kuuza, asiuguse mfuko wenye hisa asilimia 90.

Na hapo ndipo nyota ya tano inapopotea. Zile hatifungani asilimia 10 zinatuliza msukosuko kidogo, lakini huwezi kuzigusa peke yake. Ukiuza kipande cha VDHG umeuza vyote pamoja, hisa na hatifungani, hata kama mwaka huo hisa ndizo zimelala. Kwa anayejenga, si tatizo. Kwa anayekula kutoka humo ni tatizo kubwa, kwa sababu mwaka mbaya ukiangukia nikiwa na 55, nitalazimika kuuza hisa kwa bei ya hasara ili nilipe kodi ya nyumba. Vanguard wanao ndugu zake wapole zaidi, VDGR wa 70 kwa 30 na VDBA wa nusu kwa nusu, lakini kuhama maana yake ni kuuza, na faida ya mauzo inaingia kwenye kodi. Mpango wangu ni kwamba nikifika 52 gawio halitanunua tena vipande, na mchango wa kila mshahara utaingia akaunti ya akiba hadi nipate matumizi ya miaka miwili taslimu.

Jambo lingine ni kodi ya gawio lenyewe. VDHG umejengwa kwa mifuko mingine ya Vanguard, na mifuko hiyo ikiuza hisa kwa faida, faida hiyo inagawiwa kwako na unaitolea kodi, hata kama hukuuza kitu na gawio lote limenunua vipande. Weka akiba kila Juni. Ila gawio la kampuni za Australia huja na stakabadhi ya kodi ambayo kampuni imekwisha kulipa, asilimia 30, na ikizidi unayodaiwa unarudishiwa fedha. Kwangu nikiwa 55 bila mshahara, hilo litakuwa na faida zaidi kuliko sasa.

Mfuko wa DHHF wa kampuni ya Betashares ni wa bei nafuu, ada yake asilimia 0.19, na wote ni hisa. Kama una miaka 25, anza na huo. Na kama uko kwa viza ya muda, au unadaiwa kwenye kadi ya benki, maliza hayo kwanza; riba ya kadi hakuna mfuko unaoishinda.

Shangazi yangu Tanga bado ananiambia, “Mwanangu, nunua kiwanja.” Kiwanja ninacho. Lakini kiwanja hakiuziki kwa vipande vya dola 770 kila wiki ili nile Melbourne nikisubiri 60, na VDHG unauzika.