Roboti ya kuhifadhi meseji za kundi: miezi minne ya matumizi

Kundi letu la Telegram lina watu 41, wengi ni watoto na wajukuu wa mafundi wa majahazi wa Tanga, Pangani na Lamu. Tunakusanya majina ya sehemu za chombo kabla wazee hawajatutoka. Tabu ni kwamba mtu akiuliza "foromali ni ipi tena?" (ni boriti inayobeba tanga) tunapandisha meseji juu mpaka kidole kinachoka. Ndipo nikamwomba mpwa wangu aniundie roboti, yaani programu inayojiendesha (siiti boti, kwetu boti inakwenda baharini), ya kuandika kila meseji kwenye faili la maandishi.

Kazi ilikwisha jioni moja. Unamwandikia BotFather, roboti ya Telegram yenyewe ya kuundia roboti nyingine, humohumo ndani ya Telegram, anakupa tokeni (ufunguo wa kuiendesha roboti yako) bure. Kijana akaandika programu fupi ya Python, tukaiwasha kwenye laptopu ya zamani sebuleni. Siku ya kwanza faili tupu! Kumbe roboti ikiingia kundini huwa inaona amri na meseji za kuijibu tu, mpaka uzime faragha yake kwa kumwandikia BotFather amri ya /setprivacy, kisha uitoe na kuiingiza upya. Au uifanye admini.

Tangu hapo naipenda kweli. Mstari mmoja uko hivi:

14/03 21:07 | Fundi Pangani | Kalafati ni pamba, unaipigilia kwenye nyufa za mbao. Ukimaliza paka sifa.

(Sifa hapo ni mafuta ya samaki ya kupaka chombo.) Faili linafunguka kwenye simu yoyote, hata ya bei ya chini, na neno unalotafuta unalipata papo hapo.

Mwezi wa pili chaja ya laptopu iliungua, tukakaa siku tatu bila roboti. Telegram huitunzia meseji ambazo haijazichukua kwa muda usiozidi saa 24, kwa hiyo za siku mbili za mwanzo hazikuingia. Nilizitoa kwa Telegram ya kompyuta, ambayo inakupa historia ya mazungumzo kwa HTML au JSON. Za kabla roboti haijaingia nazo nilizipata kwa njia hiyo hiyo, maana roboti hairudi nyuma.

Kinachoniuma zaidi ni sauti. Wazee hawaandiki, wanarekodi. Mzee mmoja alieleza kwa dakika tatu jinsi mkuku (gogo la chini kabisa, uti wa chombo) unavyolazwa, faili likaandika "[sauti]", basi. Sasa kila Jumapili usiku navaa spika za masikioni, nasikiliza, naandika mwenyewe chini ya mstari ule. Wakati mwingine narudia neno moja mara tano, kisha nampigia simu shangazi aniambie kama nimesikia "taruma" au kitu kingine.

Jambo jingine: mtu akifuta meseji yake kundini, roboti haipewi taarifa, kwenye faili inabaki. Waambieni wanachama kabla ya kuiwasha. Sisi tuliwaambia, na wawili walioomba maneno yao yaondolewe niliyafuta kwa mkono siku ileile.

Naipa nyota nne kati ya tano. Chaja mpya tumeshanunua.